Kitambaa cha Mama Feza

Nikiwaambia kwamba mimi, mtu mzima mwenye suti na tai, niliruka dirishani mbele ya nusu ya mtaa na kumwacha mama mzee kwenye kiti chake, mtacheka, basi chekeni kabisa tumalize, maana aibu yenyewe ningali nayo.

Mama Feza ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza mtaani kwetu Kalemie, akatufundisha wote kuandika kwa vidole kumi, na sasa macho yalikuwa yanamwishia na kesho yake alikuwa anapanda boti kwenda kukaa kwa binti yake Moba. Sisi wanafunzi wake tukamwandalia karamu ya kumuaga, nami nikajitwika kazi moja tu: kuiwasha ile mashine yake ya zamani, aione tena kabla giza halijamfikia. (Nilikuwa nimeitengeneza kwa siri, najisifu.) Ilikuwa imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama tunavyofunika kila kitu cha thamani, nikaona nisikitoe, niiwashe chini yake, halafu hotuba zikiisha nikivute kwa mbwembwe. Hotuba za kwetu mnazijua. Papa wa kwanza, mzee wa mtaa, akasema, wa pili akasema kwamba yaliyosemwa yanatosha, kisha akayarudia yote, na mimi nasikia harufu ya kitu kinaungua nikadhani ni samaki jikoni, hadi moshi ukapanda.

"Moto! Mukimbie!" nikapiga kelele, na wa kwanza kukimbia nikawa mimi, dirishani, suruali ikachanika kwenye msumari.

Nilipochungulia ndani, Mama Feza alikuwa ameshachomoa waya, anapunga kitambaa kilichotoboka ili moshi upungue.

"Mutoto yangu," akaniita mbele ya wote, "lesoni ya kwanza nilikufundisha nini?"

"Kutoa kitambaa, Mama, mbele ya kuwasha."

"Basi ingia. Tuwashe muzuri."

Nikaingia nimeshika suruali kwa nyuma. Tukangoja mashine ipoe, akabonyeza mwenyewe, na kioo kikawaka. Akasogeza uso karibu hadi pua ikakigusa.

"Njo yeye, ni yeye kabisa," akasema polepole. "Namuona."

Nililia bila kujificha, suruali nikaisahau.

Kitambaa aliniachia mimi. Kinafunika kompyuta yangu, na tundu lake hivyo hivyo, na kila asubuhi nakitoa kwanza kabla sijagusa kitu. Na siku nyingine moshi ukitokea, naapa, nitamshika mkono aliye kando yangu ndipo nitafute dirisha.