Wembe Uliosimama Shingoni

Jumamosi nilikuwa nangoja zamu kwa kinyozi wa barabara ya Chaussée de Wavre, hapa Ubelgiji. Kitini alikaa kijana Mkenya anayesomea sheria ya Uingereza, povu hadi kooni. Kinyozi, mzee Mkongo wa Bukavu tunayemwita papa, akamuuliza huku ananyoa:

"Kama muntu alipenda tu kumuvunja mwenzake muguu na chuma, ule mwenzake akakufa, kule Londres ni meurtre?"

"Alikuwa anajitetea?"

"Hapana."

"Basi Uingereza ni murder, papa, kosa kubwa kabisa la kuua. Si lazima utake afe. Ukikusudia kumuumiza vibaya sana, akafa, inatosha. Kifungo cha maisha."

Wembe ukasimama shingoni.

"Lakini huku Belgique wanauliza kama ulipenda kumuua," kinyozi akasema polepole.

"Huku, ndiyo. Kule, hapana." Kijana alijibu bila kusogeza kidevu.

"Ni ndugu yangu, anaishi Londres. Kabla ajipeleke kwa polisi, alinipigia simu. Nikamuambia: bon, sema ukweli, ulilenga tu muguu."

"Na alisema?"

Kinyozi akaufuta wembe kwa mkono wa shati lake. "Alisema vile vile nilimuambia."

Sisi wa hapa tunapenda kuwashauri ndugu kwa simu, kana kwamba sheria ya mtaa wetu inavuka bahari pamoja na sauti zetu.

Kiti kikawa wazi. Akaniita kwa mkono ule ule ulioshika wembe. Nikakaa, nikainua kidevu.