Sabuni Juu ya Kabureta

Shangazi yangu akikasirika hapigi kelele. Anashusha sauti, na hapo ndipo wateja wanapoanza kutafuta njia ya kutokea. Wenzake gerejini walimbandika jina la Bi Msasa, naye akasema limemkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi. Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu yake ameimaliza akiwa ameinamia kabureta za watu. Pikapu ya baba yangu, ambaye ni mdogo wake, anaijua kuliko baba mwenyewe. Ni gari kuukuu la silinda sita, boneti refu kama meza, na kila alfajiri hupeleka mboga na wanawake saba sokoni. Mama yangu hukaa mbele, miguu yake ikikaribia kugusa injini.

Jumatatu ile baba aliileta gerejini mwenyewe.

"Dada, badilisha gasketi tu. Inalowesha petroli kidogo."

Shangazi akafungua boneti. Kabureta yote ilikuwa imepakwa sabuni ya kufulia kuziba petroli, tabaka juu ya tabaka. Chini yake, shibiri moja tu, lilipita bomba la moshi, lile linalopata moto kuliko jiko. Michirizi ya petroli ilikuwa imeshuka mpaka juu yake.

"Umepaka lini?"

"Juzijuzi."

"Nimekuuliza lini."

"Ina miezi miwili."

Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya chai niliyomletea shangazi. Miezi miwili! Nilimwambia baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na mpaka leo siyajutii. Shangazi akaninyamazisha kwa mkono. Alitaka zamu yake.

"Una akili wewe?" alisema taratibu. "Wifi yangu anakaa hapo. Wanawake saba na watoto wao mgongoni. Ungewaunguza, halafu ungekuja kunililia kwamba ni bahati mbaya? Wenzako wananunua vipuri, wewe unanunua sabuni!"

Mafundi wa jirani wakacheka. Baba alitazama vidole vyake vya miguu. Hilo lilinikera zaidi, maana baba si mtu wa kukosa la kusema.

Shangazi alikwangua sabuni kwa kijiti, akafungua skrubu, akalitoa boya. Hicho ni kikopo kidogo cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano ifunge njia. Alilitikisa sikioni. Lilikuwa na petroli ndani. Boya lililojaa huzama, sindano haifungi, na petroli inamwagika isipotakiwa. Alilichovya kwenye maji ya moto aone tundu liko wapi. Vipovu vikatoka kwenye risasi ya zamani, mahali lilipowahi kulehemiwa.

Akalifuta kwa kitambaa, akaliangalia kwa muda mrefu. Pembeni ya risasi ile palikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa tupa. Shangazi huuchora kwenye kila kazi anayolehemu, ili fundi mwingine asije akamsingizia uchafu wake.

"Uliuona huu?" alimuuliza baba.

"Niliuona. Nilifungua mwenyewe, dada." Akainua uso. "Nikasema nikikuletea utaumia. Nikipeleka kwa mwingine, atakutangaza gereji zote. Nikapaka sabuni. Leo sabuni imekataa, nikatumaini utabadilisha gasketi bila kuliangalia boya."

"Mimi? Bila kuliangalia?"

Shangazi aliliweka boya juu ya chuma, akalipiga nyundo mpaka likawa bapa, asije mtu akalilehemu tena.

"Kwa hiyo jina langu umeliweka mbele ya roho ya mkeo," alisema. "Nani alikutuma?"

Hakusubiri jibu. Akalichukua boya, akatoka na mikono yake ya grisi mpaka sokoni, mimi na baba nyuma yake tukikimbia nusunusu. Akasimama mbele ya meza ya mama na kuliweka lile boya katikati ya nyanya.

"Wifi, hii ni kazi yangu, haikushika. Petroli ilikuwa inadondokea bomba la moto. Mumeo alijua tangu miezi miwili iliyopita, akanifichia aibu. Nitukane mimi kwanza."

Mama hakumtukana. Alimtazama baba.

"Ulijua?"

"Mke wangu, hata mimi nilikuwa nakaa humohumo. Si nilikuwa naendesha?"

"Ndiyo," mama alisema. "Lakini wewe ulikuwa unajua."

Akafunika nyanya zake kwa gunia, akajitwika kapu, akarudi nyumbani kwa miguu.