Chama Kilichagua Kampuni Moja, Mimi Nikataja Nyingine

Nawasalimu wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mume wangu ni mwalimu wa fizikia hapa Migori. Sote wawili tumo katika chama cha akiba cha watu tisa, na mimi ndiye katibu. Mhariri, tafadhali lifiche jina langu.

Mwenyekiti wetu, Mama Pamela, huuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Ndugu yake anasoma Amerika, na alikubali kutununulia hisa za kampuni ya kutengeneza chipu, vile vidude vidogo vinavyoendesha kompyuta. Kampuni zilikuwa mbili. Tulibishana Jumapili tatu. Mume wangu alitaka ile yenye viwanda vyake. "Mwenye kiwanda ndiye anajua siri ya kazi," alisema. Mama Pamela akamjibu, "Na kiwanda kikiharibika, mwalimu, tutakula mabati? Hii nyingine inachora tu michoro ya chipu, wengine wanazitengeneza." Tukapiga kura, mume wangu akashindwa.

Mimi ndiye niliyetumwa kupiga simu Amerika. Asubuhi hiyo mume wangu akaniambia mlangoni, "Hawa hawaelewi mambo ya viwanda. Taja ile yangu. Ikipanda watatushukuru." Nilimwamini, yeye ndiye msomi. Nikaitaja, nikarudi nikawaambia wenzangu kazi imeisha.

Miezi michache baadaye gazeti likaandika kwamba viwanda vya kampuni hiyo vinatoa chipu mbovu, zinatupwa, na hisa zake zimeanguka vibaya. Ile tuliyopigia kura imepanda. Mama Pamela alinikumbatia sokoni mbele ya watu. "Yawa, dada yangu! Sasa nitauza fungu langu nikapasuliwe macho Kisumu!" Nilicheka naye, kisha nikajificha nyuma ya vibanda hadi akaondoka.

Nilimwomba mume wangu twende tukaseme ukweli pamoja. Hakuniangalia hata. "Nani alipiga simu, mimi ama wewe? Usiniingize." Tangu siku hiyo mbwa akibweka langoni, najua wenzangu wa chama wamegundua, wamekuja.

Juzi Mama Pamela akaniita kwake. Barua ya ndugu yake ilikuwa imefika, na kwa vile macho yake yana ukungu, akaniomba nimsomee. Jina la kampuni tuliyonunua lilikuwa pale, limeandikwa wazi. Nikalifikia, nikasoma jina la ile nyingine. Akapiga makofi kama mtoto, akaikunja barua, akaitia kwenye Biblia yake. "Mkutano ujao tutaisoma tena, kila mtu asikie."

Mara ya kwanza nilitumwa na mume wangu. Hii ya pili hakuna aliyenituma.

Mkutano ni baada ya wiki tatu. Nikimtaja mume wangu, ndoa imekwisha. Nikinyamaza, mtu mwingine ataishika ile barua. Wasomaji, kama kuna aliyewahi kumwangusha mtu aliyemwamini hivi, nishaurini: nikifika kwa Mama Pamela, nianze na neno gani?