Mpishi wa shule na vita vya chumba cha mazoezi

Jua halijachomoza vizuri, na Pyo Miran ameshavaa buti za mpira na aproni. Anakoroga supu ya maharage ndani ya sufuria ambamo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogelea. Mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe. Mvuke umejaa jikoni hadi wapishi wanatambuana kwa sauti.

"Watu wanadhani kupika ni kuonja," anasema bila kuacha kukoroga. "Kupika hapa ni kubeba."

Miran, mwenye umri wa miaka 54, ni mpishi wa shule ya msingi mjini Cheongju, Korea Kusini. Amenyanyua magunia ya mchele na masufuria ya mchuzi mpaka bega la kulia likagoma. Daktari alimshauri aache kazi. Badala yake alianza kunyanyua vyuma ili aimarishe mwili, uamuzi ambao mama mkwe wake anauona kuwa wazimu hadi leo.

Miran ana sababu. Dada Bang Okju, aliyemfundisha kazi, alistaafu akiwa hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Binti yake ndiye humchana.

"Nilikwenda kumsalimia, nikarudi nyumbani na hasira," anasema Miran. "Niliona zamu yangu inakuja."

Tabu ya kwanza ilikuwa fleti. Alifanya mazoezi sebuleni, ghorofani, na kila aliposhusha chuma, hata kwa upole, jirani wa chini alisikia. Mara ya kwanza yule bwana alipanda na tikiti maji mkononi, akaomba kwa adabu. Mara ya pili hakuleta tikiti. Mara ya tatu alileta mke. Miran akawa anashusha chuma juu ya godoro, amebana pumzi kama mwizi.

Kwa hiyo yeye na mumewe, Eom Gicheol, dereva wa lori, walipoamua kujenga kwenye kiwanja cha wazazi wa mume wilayani Goesan, Miran aliomba kitu kimoja tu. Jiko wapange wengine, rangi wachague wengine. Yeye alitaka chumba cha mazoezi chenye sakafu ya zege nene, madirisha ya kupitisha hewa, na dari ya juu ili chuma kisigonge taa anapokiinua.

Zaidi ya yote, kusiwe na mabomba ya maji moto chini ya sakafu. Nyumba za huko hupashwa joto kwa mabomba hayo, na chuma kikianguka juu yake, familia nzima italala kwenye maji.

Wote walikubali. Kisha kila mmoja akaanza kukimega chumba kwa upande wake.

Mama mkwe, Bi. Tak Sunnyeo, aliuliza wageni wa sikukuu watalala wapi. Wifi akaulizia mahali pa jokofu la kimchi, kabichi ya kuchachushwa. Binti yao Daon akapiga simu kusema kwamba mama hatakitumia chumba kutwa nzima, basi yeye aweke humo masanduku yake. Fundi mkuu, Bwana Kuk, akashauri dari ishushwe ilingane na vyumba vingine, maana chumba ni chumba tu.

Kila Jumapili Miran alipokwenda kukagua, alikuta chumba kimepungua. Mara mlango umehamishwa, mara ukuta umesogezwa kupisha kabati.

"Nilikuwa nakigombania chumba kama kuku anayetoroka bandani," anasema. "Ukiziba huku, anatokea kule."

Jumamosi moja ya Mei alifika bila taarifa, akakuta mabomba yametandazwa chumba kizima, na gari la zege liko njiani. Bwana Kuk alisema ameagizwa. Alipoulizwa na nani, akaangalia buti zake. Gicheol, aliyekuwa akishusha mbao pembeni, alijifanya hasikii.

"Baba Daon, hebu njoo," Miran akamwita. "Nani kasema?"

"Mama. Anasema chumba bila moto ni ghala, baridi itakuingia mifupani. Mimi ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Sasa si ndiyo maana mtu huambiwa?"

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaanza kufungua vibanio vya mabomba kimoja kimoja. Bi. Sunnyeo akatoka nyumba ya zamani, ng'ambo ya uwanja, akasimama mlangoni.

"Wewe mwanamke wa kupika, vyuma vya nini?"

"Mama, ni kwa sababu napika," Miran akajibu. "Mgongo wako umeliwa na shamba la pilipili. Asubuhi nakuona unavyoshika ukuta. Mimi sitaki kushika ukuta."

Bi. Sunnyeo aligeuka akarudi nyumba ya zamani. Miran anakiri kwamba maneno hayo yalimsumbua kwa siku nyingi, ingawa yalikuwa ya kweli.

Gari la zege lilifika, dereva akapiga honi. Gicheol akaweka mbao chini, akachuchumaa na kuanza kufungua upande wa pili.

"Nilidhani kukaa kimya kati ya mama na mke ndiyo usalama," anasema leo. "Kumbe unagombana na wote wawili."

Nyumba sasa imekamilika. Chumba hakina bomba chini ya sakafu, na kina mikeka ya mpira na vyuma vyake, lakini mlango unafunguka upande usiofaa, na dari iko chini kuliko alivyoagiza. Chuma hupita chini ya taa kwa nafasi ya vidole viwili. Ukimtajia dari, Miran huvuta pumzi ndefu.

Bi. Sunnyeo alianza kuzungumza naye tena msimu wa mavuno. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba chumba kile kinapitisha hewa vizuri. Kesho yake alianika pilipili juu ya mikeka yote. Miran huzitoa jioni, asubuhi huzikuta zimerudi.

Majira ya kuchipua yakifika, anataka kuwaalika wapishi wenzake kila Jumamosi, awafundishe kunyanyua bila kuumia. Watatu wameshakubali. Mama mkwe ameuliza watakula nini.

"Nimebakiza miaka michache nistaafu," anasema Miran, akifuta mikono kwenye aproni. "Siku hiyo nataka nitoke jikoni nimebeba begi langu mwenyewe. Atakayetaka kunisaidia, nitamkatalia."