Eda ya Wifi Yangu

Mimi nauza samaki wa kukaanga sokoni Tumbe, na muuza samaki asiyejua kusema hulala na samaki wake. Kwa hiyo nikisema watu wa kijiji chetu wamenichosha, msidhani nayasema haya kwa kunong'ona. Nimeyasema sokoni, nimeyasema msibani, nimeyasema mbele ya sheha, mkubwa wa kijiji, na mama yangu mzazi nimemwambia usoni, Mungu anisamehe.

Kaka yangu aliondoka hapa Pemba ndevu ndiyo kwanza zinamtoka. Alikwenda dago, yaani kwenye kambi ya wavuvi ugenini, upande wa Kenya, kwa nia ya kuvua msimu mmoja na kurudi. Msimu ukazaa msimu. Akapanga chumba, akamuoa binti wa mwenye nyumba, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Kitambulisho cha Kenya hakuwa nacho, na cha kwetu hakuwahi kukipata kwa sababu aliondoka kabla ya kufika umri wake. Kila askari wakipita kutafuta wageni, yeye ndiye waliyekuwa wanamtafuta.

Aliwahi kunihadithia jinsi siku moja walivyomkuta ndani hasa. Baba mkwe wake akatoka mlangoni akasema, huyu mwanangu. Askari hawakuridhika, wakaenda kuuliza majirani: mnamjua huyu? Jirani wa kwanza akasema kazaliwa hapa. Wa pili akasema hivyo hivyo. Bibi mmoja mwuza mbaazi akaongeza na la kwake, eti alimkata kitovu mwenyewe! Kaka alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa. "Dada," ananiambia, "mimi nimezaliwa mara mbili, na mara zote mbili kwa mkunga."

Aliporudi hakurudi kwa hiari yake, alirudishwa na ini. Walishukia Wete, yeye na mkewe na wanawe: wasichana wawili waliokwisha kuanza skuli, na kitoto cha kiume kinyonyacho. Tumbo lilikuwa limemjaa maji, miguu kama vijiti. Nilimwona nikakimbilia nyuma ya nyumba nikalia huko, nisimtie hofu. Wakakaa kwa mama, nyumba ya pili na yangu, katika chumba cha uani.

Mke wake sikuwa na haja ya kufundishwa kumpenda. Alimwosha mumewe, alimgeuza kitandani, alimlisha uji kijiko baada ya kijiko, na akisikia nimerudi na samaki anatoka kunisaidia kuparua magamba bila kuambiwa. Kiswahili chake kina mapigo ya kwao, na watoto wa jirani walikuwa wakimwigiza. Naye anacheka nao. Kaka alikufa Ijumaa mchana, kichwa chake kiko mapajani mwa mkewe.

Kwenye maziko kijiji kizima kilikuja. Hapo sina la kulalamika, watu wetu kwa maiti ni hodari. Wanawake walileta mchele, muhogo, nazi, walilia kilio cha kweli. Wifi akaingia eda katika chumba kile kile cha uani, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka, hatoki wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake.

Matanga hayajapoa, maneno yakaanza. Yalianzia sokoni, maana kwetu jambo lolote likitaka miguu huja kuazima sokoni.

"Yule Mkenya wenu bado yupo?"

"Yuko eda."

"Eda si angekwenda kukaa kwao? Mume keshakufa, anangoja nini?"

Mwengine akadakia kwamba Wakenya wamewatesa sana watu wetu, wamewaita wasio na kwao, leo sisi tuwalee wa kwao kwa ubwabwa? Nikamtazama mama huyo. Mwanawe wa kwanza ana duka Mombasa, wa pili ana duka Dar es Salaam, wa tatu yuko Oman anatuma mabati ya nyumba. Nikashindwa kujizuia.

"Ati nini? Na mwanao wa Mombasa, kwani Mombasa kaiumba babaake? Hakuna mji usio na duka la Mpemba, na kila mji tunaingia bila hodi. Akija mtu mmoja kwetu, mjane, na mtoto mgongoni, ndiyo kisiwa kinazama? Nyani haoni kundule!"

Aliniachia samaki wake kwenye karatasi akaenda zake. Tangu siku hiyo hanunui kwangu, na hanisalimii ila tukikutana mbele ya watu.

Kisha ikaja siku sheha alipiga hodi na watu wawili wa uhamiaji. Nitasema ukweli hata kama hauwapendezi wanaotaka kusikia kwamba serikali ndiyo mbaya: watu wale walikuwa na adabu. Walivua viatu. Walipoambiwa mwanamke yuko eda, walikaa upande huu wa pazia na yeye upande ule, nami nikasimama katikati. Alijibu kila alichoulizwa. Cheti cha ndoa alikipitisha chini ya pazia, nikakipokea nikawapa. Wakasoma, wakamrudishia. Wakasema alipokuwa na mume, mume ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Sasa anahitaji mwenyeji mwengine, mwenye nyumba anamokaa, asimame aseme huyu ni wetu na tunataka akae. Eda watamngojea iishe. "Dini tunaijua, Bi," mmoja akaniambia.

Nikawasindikiza mpaka barabarani, kisha nikamvuta sheha pembeni. Nikamwambia nataka kumjua huyo aliyekwenda kupeleka maneno, nimkute leo hii hii. Sheha wetu ni mtu mpole, akaangalia chini.

"Kamuulize mama yako," akasema.

Sikumwamini. Nilimkuta mama anapeta mchele. Nikamuuliza, na wala hakuacha kupeta.

"Mimi ndiye. Nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu."

"Kwa nini, mama? Huyu si ndiye aliyemuuguza mwanao?"

"Mwanangu aliondoka hapa na kifua chake. Nchi ile imenikalia naye miaka yote, sikumwona hata Idi moja, kisha wamenirejeshea ngozi na mifupa nizike. Kila nikimwona huyu mwanamke naiona nchi ile imekaa uani mwangu. Na aende kwao."

"Na watoto?"

"Watoto ni wetu. Mtoto hufuata baba. Wale ni damu yangu, hawendi popote."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mamaake. Nilimwambia wale wa huko walimwita mwanao mwana wao, na wewe umekwenda kumshtaki mwana wao. Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Mama yangu simchukii, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimsikia anavyomlilia kaka kila alfajiri, kilio cha pumzi, hakina sauti.

Habari ikatambaa kwamba hata mwenyewe mwenye nyumba hamtaki. Basi, watu walikuwa wanangoja ruhusa tu. Waliokuwa wakija kumsalimu wifi wakapungua. Waliokuwa wakileta bakuli la mchuzi wakasahau njia. Yule msichana mkubwa alirudi kutoka madrasa siku moja akauliza, "Shangazi, eti mama anatufukuzisha?" Nikamwambia ni maneno ya wajinga. Akasema aliyemwambia ni mwalimu wake.

Eda ikaisha. Kwetu mwanamke akitoka eda huogeshwa, huvishwa nguo mpya, wanawake huja, husomwa kisomo, watu hula. Nilipika mimi. Nilitandika mikeka uani, mmoja baada ya mmoja, kwa ukaidi wangu, mikeka ya watu wengi. Wakaja bibi wawili wazee tu, tena mmoja ni wa upande wa mume wangu, nilimlazimisha. Wifi akatoka chumbani na kanga zake mpya, macho yanamuuma kwa jua, akaiangalia ile mikeka.

"Wifi," akasema, "pilau yote hii ataila nani?"

Tulikula sisi. Mama alikuwa ndani, alisema kichwa kinamuuma.

Nikamuomba mama asimame kwa sheha, neno moja tu. Akasema hamdhamini mtu. Nikataka wifi ahamie kwangu, mume wangu awe mwenyeji wake. Mume wangu, mtu ambaye kaka yake mwenyewe amezikwa Maskati, akaniambia nisimtie katika mambo ya serikali. "Kila mtu na kwao," akasema, akavuta shuka. Nilikaa kitandani nikaona kwamba nimeolewa na soko zima.

Basi wifi akaondoka. Kitoto alikibeba, maana kilikuwa bado kinanyonya, hata mama hakuthubutu hapo. Wasichana, mama aliwashika mmoja mkono huu na mmoja mkono huu, anawashika hivi, vidole vimezama. Wifi hakupiga kelele. Nilitamani apige! Alimbusu mama mkono, akamwambia, "Mama, nimekuachia amana." Kisha akapanda pikapu iliyokuwa inapeleka samaki Wete, akakaa mbele na mtoto wake. Msichana mdogo alikimbia nyuma ya gari mpaka lilipokata kona.

Mama akawa anawapikia wale watoto kila anachokijua. Mkate wa kumimina, maboga ya nazi, pweza. Aliwasuka nywele mwenyewe. Nadhani aliamini kwamba mwanamke akishaondoka basi nchi ile nayo imeondoka. Lakini watoto wenziwao skuli wakawaita Wakenya. Mama akaenda skuli na bakora kumtafuta aliyesema, akakuta waliosema ni darasa zima.

Siku chache baadaye sheha akaja, safari hii peke yake. Skuli inataka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na wao walizaliwa nyumbani huko kwao kwa mkunga, hawana.

"Hawa wajukuu wangu," mama akasema. "Nani asiyewajua?"

"Mimi nawajua, Bi. Lakini baba yao hakuwa na karatasi, naye hayupo. Inatakiwa anayeweza kusema hawa ni wa nani, na wamezaliwa wapi, na ndoa ilikuwa ya halali. Mwenye kuyasema hayo ni mmoja tu, na cheti cha ndoa anacho yeye."

"Mimi bibi yao nasema! Haitoshi?"

Sheha akasema kwa upole ule ule wake: "Bi, wewe ndiye uliyekuja kwangu ukaniambia nyumbani kwako mna wageni. Mimi nimeshapeleka habari uhamiaji. Sasa nikiulizwa kama na hawa watoto ni wageni, niseme nini?"

Sheha alipoondoka, mama aliniita nikae karibu yake. Wasichana walikuwa uani wanachuna mchicha. Akaniambia, bila kunitazama, "Mpigie. Mwambie aje."

Nikapiga, nikafungua sauti ya simu ili mama naye asikie. Wifi alipokea upesi, akauliza watoto wazima, wanakula, mdogo bado anakohoa? Nikamjibu. Nikamwelezea yote ya skuli na ya sheha, na kwamba mama anamuomba aje awasemee wanawe, la sivyo nao wataondolewa kama wageni. Upande wa pili kitoto kilikuwa kinalia, akakinyamazisha.

"Nimesikia, wifi," akasema. "Lakini huko nije kama nani?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwekea simu karibu zaidi.