Ngege wa Bwawa la Kwao

Baba mkwe wangu, Mzee Mbugua, alizaliwa kwenye bonde lililogeuzwa bwawa ili sisi wa Nairobi tupate maji. Kwao samaki hawakuliwa kabisa, lakini tangu niolewe hapa mtaani Muthangari nimemzoesha, na sasa miiba anaitoa vizuri kuliko mwanawe.

Jana nilichoka na hawa samaki wa Uchina waliogandishwa, wagumu kama matofali. Peres, muuza samaki wetu, akanipa ngege wabichi waliovuliwa kwenye bwawa hilo hilo. Nikawakaanga, nikamwandalia mzee, nikajigamba: "Baba, leo unakula vya nyumbani. Hawa wametoka bwawa la kwenu!"

Akatema alichokuwa akitafuna.

"Namalwa, mama yangu amezikwa mle. Tulipohamishwa, yeye hakuna aliyemhamisha."

Ningefanya nini? Kwetu Bungoma mkamwana hamshiki baba mkwe mkono hata akilia. Mzee akajikokota hadi jikoni, akafungua mfereji, akasukutua, akasukutua tena, kisha akajaza kikombe akanywa chote.

Sikuwa na mdomo wa kumwambia maji hayo yanatoka wapi.