Machicha Yaliyobeba Zebaki

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya kijiji kimoja cha wachimbaji wa dhahabu huku Songwe, nasubiri barua yangu igongwe muhuri, mara akaingia mtaalamu wa mradi na ndoo ya maji machafu ya kuoshea dhahabu. Alikuja kutufundisha kuyaondolea zebaki kwa machicha ya komoni, yale yanayobaki pombe ikishachujwa. Hamira iliyomo, alisema, inaikamata zebaki na kuing'ang'ania.

Akamimina machicha, akakoroga, akangoja, akachuja. Tukapiga makofi.

Mama muuza komoni, mwenye machicha, hakupiga.

"Sasa baba, zebaki imekwenda wapi?"

"Imo kwenye machicha, mama."

"Na machicha yanakwenda wapi?"

Mtaalamu akafunga begi. "Mama, mradi wetu ni wa maji. Machicha mtayawekea utaratibu wenyewe."

Utaratibu! Huku kwetu hata mtoto anajua utaratibu wa machicha: ni chakula cha nguruwe. Msomi mzima katoa sumu kwenye maji, kaiweka kwenye chakula, kapigiwa makofi.

Tulipotoka nje, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaibeba ndoo ya yale machicha kuelekea bandani kwake. Mtaalamu, tayari garini, akashusha kioo na kuuliza kitimoto kizuri kinapatikana wapi.

Mama akamwonyesha mwenyekiti kwa kidevu. "Kwa huyu. Njoo wiki ijayo, nguruwe wake watakuwa wameishiba zebaki yako."

Mwenyekiti akaitua ndoo. Mtaalamu akapandisha kioo.